SOMO LA KIINGEREZA: JE, UMEBAKI, UMEACHWA AU UNAJIKOKOTA NYUMA?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo hili tutaangalia maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili mara nyingi tunayaita kwa jina moja tu: kubaki nyuma. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali kwa kawaida, lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo wengi huanza kuachwa, na wengine huachwa kimya kimya kwa kukosa hata sentensi moja ya kumwambia mwalimu. Mzazi naye huletewa ripoti inayosema mwanawe "is lagging behind", akaiweka kabatini bila kujua ameambiwa nini.

1. MAANA

Tuchukue mfano wa kundi la vijana wanaopanda mlima wa Uluguru kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside.

(a) "Stay behind" ni kubaki kwa kutaka mwenyewe au kwa kupangiwa. "Asha stayed behind to help her mother." Maana yake, Asha alibaki mjini ili amsaidie mama yake. Hapa hakuna upungufu wowote.

(b) "Fall behind" ni kuanza kuachwa baada ya kuwa sawa na wenzako. "Juma fell behind when the path became steep." Yaani njia ilipoanza kupanda sana, Juma akaachwa.

(c) "Lag behind" ni kuwa nyuma kwa sababu mwendo wako ni mdogo kuliko wa wenzako. "Juma is lagging behind the others." Juma anajikokota nyuma ya wenzake. Tuangalie vizuri hapa: Juma bado yumo safarini, hakurudi mjini. Basi mzazi ukiliona neno hili katika ripoti, fahamu kwamba mtoto anahitaji msaada sasa, kabla nafasi haijawa kubwa.

Neno hili hutumika pia kwa vitu. Reli ya zamani ilifika Morogoro mwaka 1907, na treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Tunaweza kusema: "In speed, the old train lags far behind the new one."

2. TOFAUTI NA "FOLLOW"

Kuwa nyuma ya mtu si lazima iwe ni kuachwa. Akina mama wanaoshuka mlimani na ndizi kwenda kuuza mjini hufuatana mmoja mmoja katika njia nyembamba. Anayekwenda mwendo mmoja na wenzake "follows", hata akiwa wa mwisho.

Tofauti hii mwanafunzi wa madrasa anaijua tayari. Wanazuoni wa fiqhi wametaja hali nne za maamuma na imamu wake: kumtangulia, kwenda naye sambamba, kumfuata, na kuchelewa nyuma yake. Tuliyoamrishwa ni kumfuata. Imamu akirukuu, nasi turukuu baada yake: hiyo ni "follow". Ama imamu ameshainuka kutoka katika rukuu nawe bado umesimama bila udhuru, hiyo ni "lag behind".

3. KANUNI ZA MATUMIZI

(a) Tunaandika lag, lagged, lagging. Herufi g inakuwa mbili. Na tunasema fall, fell, fallen.

(b) Tusiseme "behind of". Kosa hili linatokana na Kiswahili chetu, "nyuma ya". Sahihi ni: "He lags behind his friends."

(c) Tukitaja somo tunaweka "in": "She has fallen behind in Mathematics."

(d) "Leave behind" ni kumwacha mtu au kitu. Hapa neno la kumtaja mtu kwa ufupi hukaa katikati: "They left him behind." Tusiseme "They left behind him."

4. DAWA YAKE: "CATCH UP"

"Catch up" ni kuwafikia waliokutangulia. Tumtazame masbuki, yaani aliyekuta jamaa wameshaanza kuswali na rakaa zimempita. Haanzi kuswali pembeni peke yake ili alipe kwanza. Huingia pamoja na imamu katika hali aliyomkuta nayo, na imamu akishatoa salamu, husimama akakamilisha yaliyompita.

Na masomo tuyafanye hivyo hivyo. Ukirudi shuleni baada ya kuugua, fuata somo la leo pamoja na darasa, kisha jioni nakili na usome yaliyokupita. Na usinyamaze. Jifunze sentensi hii kwa moyo: "Teacher, I have fallen behind in Biology. Please help me to catch up." Yaani: Mwalimu, nimeachwa katika Biolojia, tafadhali nisaidie niwafikie wenzangu.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa kutumia stayed behind, fell behind au lagging behind.

1. We went to Kinole, but Salma ______ to look after the baby.
2. Hamisi was good at English, but he ______ after his illness.
3. Walk faster! You are ______.

Majibu: 1. stayed behind. 2. fell behind. 3. lagging behind.

Nanyi wazazi, ripoti ikija, mwambieni mtoto aisome kwa sauti na aifasiri mbele yenu, kisha mwende pamoja kwa mwalimu.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.