Damu katika Makohozi, Damu katika Mkojo: Maradhi ya Goodpasture

Katika mitaa ya Mlandege, mjini Iringa, kama ilivyo kwingineko nchini, mtu akohoapo damu hudhaniwa kwanza kuwa ana kifua kikuu. Dhana hiyo ni ya haki, kwani kifua kikuu kimeenea, na makohozi hayana budi kupimwa. Lakini yako maradhi mengine, adimu mno, yanayotoa damu mapafuni na wakati huo huo kuyaharibu mafigo kwa muda wa siku au majuma machache tu. Huko Ulaya, ambako hesabu zimewekwa, huwapata watu wapatao mmoja katika kila milioni kwa mwaka.

Maradhi hayo yamepewa jina la Ernest Goodpasture, mtaalamu wa patholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1919 alieleza habari za kijana wa miaka 18 aliyefariki akitokwa na damu mapafuni, mafigo yake nayo yakiwa yameharibika. Kama kijana huyo aliugua maradhi haya hasa, hapana awezaye kuthibitisha leo. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1958 na Stanton na Tange, waliochunguza wagonjwa 9 huko Australia.

Msomaji aweza kuuliza: mapafu na mafigo yana uhusiano gani? Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo glomeruli. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu iliyoshikizwa juu ya utando. Vifuko vya hewa vya mapafu navyo vina utando wa jamii hiyo. Tando zote mbili zimefumwa kwa protini iitwayo kolajeni ya aina ya nne, ambayo ina sehemu iliyofichika kwa kawaida. Kinga ya mwili wa mgonjwa huiona sehemu hiyo kama adui, ikaunda kingamwili za kuishambulia. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani walizitoa kingamwili hizo katika mafigo ya wagonjwa wakawadunga kima, na kima wakaugua. Uvutaji wa sigara na mvuke wa petroli huhusishwa na kuanza kwa mashambulizi hayo.

Kipande kidogo cha figo kikitolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, huonekana chembe zilizorundikana kandoni mwa kichujio kwa umbo la mwezi mwandamo, zikikibana hata kisipitishe kitu. Kikitiwa rangi ing'aayo, kingamwili huonekana zimejipanga katika mstari mmoja laini, usiokatika, juu ya utando. Mstari huo ndio alama kuu ya maradhi haya.

Hata hivyo, dalili ya kwanza haihitaji mitambo mikubwa. Imo katika mkojo. Waweza kuwa na rangi ya chai, au ukaonekana safi ilhali hadubini yaonyesha chembe nyekundu. Kichocho nacho hutoa damu katika mkojo, lakini damu hiyo kwa kawaida hutoka kibofuni, nayo huandamana na mayai ya minyoo. Damu itokayo kwenye glomeruli huwa na chembe zilizopindapinda, na pengine vipande vyenye umbo la neli vilivyogandia ndani ya mirija ya figo. Kwa hiyo mgonjwa akohoaye damu apimwe makohozi na mkojo pia, siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Taarifa ya wagonjwa 71 wa London, iliyochapishwa mwaka 2001, ilionyesha kwamba mafigo ya wale waliotibiwa kabla hayajashindwa sana yaliendelea kufanya kazi baada ya mwaka kwa asilimia 95. Kwa waliofika wakihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara moja, ilikuwa asilimia 8 tu.

Tiba ni kuibadilisha plazima ya damu kila siku, yapata siku 14, ili kuziondoa kingamwili, pamoja na kutumia prednisoloni na siklofosfamidi ili mpya zisiundwe. Aliyepoteza mafigo aweza kupandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, ila sharti angoje mpaka kingamwili zitoweke kwa miezi ipatayo 6. Dawa hizo mbili hudhoofisha kinga yote ya mwili, na kifua kikuu kilicholala mwilini huweza kuamka. Ndiyo maana makohozi hupimwa hata pale mkojo unapokwisha kutoa jibu.