SOMO: KASETI YA ZAMANI NA SAUTI YANGU MWENYEWE

Masomo: Hesabu 11:4-6, Mhubiri 7:10, Yakobo 1:22-25, Kutoka 31:1-5

Mwezi huu somo letu linatoka katika jambo lililonipata mimi mwenyewe.

UTANGULIZI

Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tunaikumbuka redio kaseti. Mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juani ili yatusaidie kidogo tena. Utepe ukitoka nje tuliurudisha kwa kalamu ya biki, polepole usikunjike. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 tu kila upande, kwa hiyo kwaya ilifanya mazoezi mengi kabla ya kurekodi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya, na nimebaki na kaseti yetu moja ya mwaka 1998.

Kwa miaka mingi nilitumia kaseti hiyo kama fimbo. Vijana wakileta wimbo waliourekodi kwa simu, niliwaambia, "Ninyi mnapiga kelele. Sisi zamani tuliimba." Lakini hata mimi sikuwa ninaisikiliza, maana redio yangu ilikufa zamani. Mwishowe vijana wanne wakaacha mazoezi. Mmoja alimwambia mama yake kwamba hatarudi mpaka mzee aondoke. Neno hilo likaniuma, nikasema ni kukosa adabu.

Baadaye fundi mmoja sokoni akapata redio kaseti inayofanya kazi. Nikapeleka kaseti yangu, nikiwaza kwamba sasa vijana wataona haya. Tukasikiliza. Soprano walipanda kupita noti, tena walichelewa. Na juu yao wote sauti moja ya mwanamume ilipaaza na kuwafunika wengine. Nikamwuliza fundi, "Huyu ni nani?" Akacheka, "Mzee, si ni wewe?"

1. HATUJISIKII KAMA WENGINE WANAVYOTUSIKIA

Mtu akisema, sauti yake humfikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mifupa ya kichwa chake. Mifupa huifanya sauti iwe nzito na nzuri kwake. Kaseti huchukua ile ya hewa tu, ile wanayosikia wengine. Ndiyo maana wengi hukataa sauti yao wakiisikia mara ya kwanza. Yakobo anasema juu ya mtu anayejitazama katika kioo, kisha akienda zake anasahau alivyo. Neno la Mungu ni kioo, na mara nyingine ndugu zetu pia ni kioo. Wale vijana walikuwa wameniambia kweli kabla ya kaseti.

2. KUKUMBUKA SI DHAMBI, LAKINI KUMBUKUMBU HUCHAGUA

Waisraeli jangwani walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Hawakutaja matofali wala fimbo za wasimamizi. Mhubiri anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora, kwa kuwa swali hilo halitoki katika hekima.

Sisemi tutupe ya zamani. Katika kaseti ile nilisikia pia sauti za wawili ambao wamelala katika Bwana, nikalia. Kaseti ilikuwa na vipande viwili vidogo nyuma yake. Ukivivunja, hakuna awezaye kurekodi juu yake. Kuna mambo ya kulinda hivyo. Lakini mtu akivunja vipande vyote vya moyo wake, Mungu atarekodi wapi neno jipya?

3. ROHO HUTOA UFUNDI KWA KILA KIZAZI

Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili abuni kazi za dhahabu, mawe na mbao. Alipewa ufundi huo jangwani, watu wakikaa katika mahema. Basi tusiseme ya kuwa mkimbizi hawezi kubuni mpaka arudi kwao.

Tazameni hata aliyetengeneza kaseti, Lou Ottens, mtu wa Uholanzi. Alikata kipande cha mbao kinachoingia katika mfuko wa koti lake, akataka kaseti iwe ndogo hivyo. Kampuni ya Philips ikaionyesha mjini Berlin mwaka 1963. Naye hakuing'ang'ania, bali baadaye alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya kuleta CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Ikiwa mwenye kazi aliiachia njia, mimi ni nani niizuie?

MWISHO

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba msamaha vijana wale mbele ya wazazi wao. Wawili wamerudi; wawili bado, nami ninaendelea kuwaombea. Waliorudi waliomba wasikie kaseti. Walicheka sana, kisha mmoja akasema besi ya wimbo wa tatu ni nzuri, akaitumia kutunga wimbo mpya. Sasa yeye anafundisha, nami naimba mstari wa nyuma, tena kwa sauti ndogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni nani amekuambia kweli juu yako, nawe ukaiita kukosa adabu?
2. Unapowasimulia watoto habari za nyumbani, ni mambo gani unayaacha?
3. Ni kipawa gani cha kijana katika kanisa letu tumekifunika kwa sauti zetu?

TUOMBE: Ee Bwana, utusaidie kujisikia kama unavyotusikia Wewe. Linda kumbukumbu za wapendwa wetu, na utupe wimbo mpya mahali hapa tulipo. Amina.