Kufunga sevo za roboti huku Yaeda Chini

Ukifungua boksi la roboti ya umbo la mtu utakuta vipande vya alumini, skrubu za kila aina na mota za sevo, mara nyingi 17. Weka bisibisi pembeni kwanza. Kazi huanzia kwenye sevo zenyewe, kabla hujafunga kiungo hata kimoja.

Chomeka kila sevo kwenye bodi ya kuiongoza, itumie mapigo ya mikrosekunde 1500 ili ekseli isimame katikati, ndipo uivalishe mkono wake mdogo unaoungana na kiungo. Ekseli ya MG996R, sevo ya roboti nyingi za bei nafuu, ina meno 25, yaani kila jino ni nyuzi 14.4. Goti halitanyooka kwa meno peke yake. Chagua jino lililo karibu zaidi, nyuzi chache zinazobaki zirekebishe kwenye programu. Ukiruka hatua hii utakuja kufumua mguu mzima, na zile skrubu ndogo huisha vichwa upesi.

Sasa umeme, ambao ndio chanzo cha lawama nyingi zinazobebeshwa sevo zisizo na hatia. Wengi wetu huku tunategemea sola. Betri ya volti 12 hupanda hadi 14 na zaidi jua likiwa kali na chaji ikiingia, wakati MG996R inataka volti 4.8 hadi 7.2. Lazima kiwepo kishusha volti katikati. Mimi hukiweka kwenye 6 na kuhakiki kwa tesita kabla sijachomeka chochote. Tazama na ampia: sevo moja iliyokwama hula kama 2.5. Kishusha volti cha ampia 3 kitachezesha mkono, hakitainua roboti iliyochuchumaa. Tafuta cha ampia 20. Wala usichote umeme wa sevo kwenye pini ya volti 5 ya bodi ya Arduino; bodi itakuwa inajizima na kuwaka kila mguu unapoinuka, nawe utapekua programu usiku kucha bure.

Sevo zikitetemeka zote kwa pamoja, shuku umeme, au waya hasi wa sevo haujaungana na hasi wa bodi. Ikitetemeka moja, ihamishie tundu la jirani. Tatizo likihama nayo, sevo ni mbovu. Likibaki kwenye tundu, kagua bodi. Ikinguruma na kupata moto ilhali roboti imesimama tu, kiungo kinabana: legeza skrubu kidogo.

Halafu vumbi letu. Kiangazi, Ziwa Yaeda likikauka, upepo huokota vumbi la chumvi na kulipenyeza kila mahali. Ndani ya sevo mna kidude kinachopima ekseli imefika pembe gani. Kikichafuka, sevo hurukaruka kwenye pembe moja huku kwingine ikitulia. Fungua skrubu nne za chini, piga gia picha kwa simu kabla ya kuzigusa, safisha kwa brashi na spiriti, kisha paka grisi kiduchu. Grisi nyingi hunasa vumbi, na vumbi husaga meno.

Jaribio la kwanza la kutembea, ining'inize roboti kwa kamba, mkono wako ukiwa kwenye swichi. Vijana wanaopitisha mifugo watataka itembee chini papo hapo; wasubiri. Na sevo za akiba agiza mapema, kwa sababu hata zikishafika Mbulu mjini, bado kuna barabara ya kushuka bondeni, na masika hiyo haina ahadi.