Muhuri wa kijiji haumfanyi mtoto kuwa mtu mzima

Msomaji wa kata ya Maneromango, Kisarawe, ametuandikia kuhusu mpwa wake wa miaka 16. Baba wa kambo hamtaki nyumbani, na dalali wa mabinti wa kazi alishaahidi kumpeleka Dar es Salaam. Mama akaandikiwa karatasi kwamba binti "anajitegemea" na yeye hahusiki naye tena. Ikagongwa muhuri wa kijiji baada ya "soda" kutolewa. Sasa mwajiri halipi, na binti akipiga simu nyumbani anajibiwa kuwa yeye ni mtu mzima. Karatasi ile ina nguvu?

Haina. Ziko nchi ambazo mahakama humtangaza kijana kuwa huru na wazazi kabla ya umri. Sheria zetu hazina utaratibu huo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama amechezwa unyago, amezaa au anajilipia kodi. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni deni la mzazi, na saini haifuti deni hilo. Anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tano, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.

Mtego uko hapa. Karatasi hiyo haimpi mtoto uhuru wowote. Inamtuliza mzazi na kumpa dalali kisingizio. Lakini chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, mtoto akichukuliwa ili anyonywe, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi. Mwajiri naye asijifiche: kuanzia miaka 14 mtoto anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomzuia shule, na ujira unaolingana na kazi aliyofanya ni haki yake. Na mtendaji wa kijiji mwenye muhuri? Sheria ya Mtoto imezipa serikali za mitaa jukumu la kupokea taarifa za watoto wanaotelekezwa. Ofisi hiyo hiyo ndiyo inayouza muhuri wa kuwatelekeza!

Tatizo halipo kwa watendaji peke yao, lipo pia kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka umri wa binti kuolewa kuwa miaka 15, kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, na mwaka mwingine ukapita bila marekebisho. Yaani binti anayekimbia kipigo hawezi kusaini mkataba wa chumba, ila mlango wa kuwa mke wa mtu aliachiwa wazi. Aibu.

Mjomba, usiichane karatasi hiyo, ni ushahidi. Ipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto polisi. Simu ya watoto, 116, ni bure. Kama nyumbani si salama, Mahakama ya Watoto inaweza kumweka binti chini ya uangalizi, nawe jitokeze kama ndugu uliye tayari kumlea. Usingoje afikishe 18.