Kuflashi kadi ya grafiki ya PC ili ikae kwenye Mac Pro: angalia haya kabla hujatoa hela

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu kitu kilekile, wote wanauza kompyuta used, kwa hiyo naandika mara moja tumalize. Swali ni hili: "Nimepata Mac Pro ya zamani, kadi ya grafiki imekufa, naweza kuweka ya PC?" Unaweza. Ila hapo ndipo hela inapopotea kama hujui unachomuuzia mteja.

Naongelea ile Mac Pro kubwa ya bati yenye vishikio juu na chini, iliyouzwa mpya kati ya 2006 na 2013. Hapa Mwanza wateja wake ni watu wa studio: video za harusi, kwaya, matangazo. Mtu wa studio hanunui kwa urembo. Anataka harusi ya Jumamosi aikabidhi kabla bwana harusi hajaanza kupiga simu. Za 2010 nyingi zilikuja na Radeon HD 5770. Kadi hiyo haina Metal, na bila Metal hupandishi mashine kwenye macOS Mojave ya 2018, ambao ndio mfumo wa mwisho Apple waliouruhusu kwa Mac Pro za 2010 na 2012. Final Cut Pro za karibuni nazo zinadai Metal. Kwa hiyo hata kadi ya zamani ikiwa nzima, mteja atarudi kuulizia nyingine.

Sasa kuflashi kunasaidia nini? Kila kadi ina chipu ndogo yenye programu ya kuiamsha pale unapobonyeza swichi. Kadi ya PC imeandikiwa BIOS, Mac inaamka kwa EFI. Ukiichomeka kadi ya PC hivyohivyo, Mac inawaka lakini kioo kinabaki cheusi mpaka mfumo upakie draiva, ndipo picha inatokea. Draiva za Radeon nyingi tayari zimo ndani ya macOS. Hapo wengi wanajidanganya. Wanaona picha imekuja, wanasema imekubali, wanauza.

Mteja akishika kitufe cha Option ili achague diski, haoni kitu. Mfumo ukiharibika akataka kuurekebisha, haoni kitu. Kama diski ameifunga kwa FileVault, sehemu ya kuandika nywila haionekani, na kazi zake zote zimo humo. Yeye anajua umemuuzia mashine mbovu. Kama anatoka Ukerewe, apande meli na mzigo ule mzito kwa sababu ya kioo cheusi, Nansio yote itakujua kwa ubaya. Unapoflashi unauza hiyo skrini ya kuwakia tu. Kasi haiongezeki, msiwadanganye watu.

Kadi ninayoitafuta mimi ni Radeon HD 7950 ya Sapphire. Sapphire wenyewe walitoa toleo la Mac la kadi hiyo mwaka 2013, kwa hiyo kipande cha EFI kinachoifaa kipo. Halafu nyingi zina kiswichi kidogo pembeni na ROM mbili: moja unaiandika ya Mac, nyingine inabaki ya PC. Ukikuta yenye kiswichi na nyingine isiyo nacho, ongeza hela chukua yenye kiswichi. GTX 680 nayo inaflashika. Ila ukipewa GTX 970 au GTX 1060 kwa bei ya kutupa, hiyo muuzie mtu wa PC. Mojave haina draiva zake kabisa, na kuflashi hakuleti draiva.

RX 580 ni habari nyingine. Inafanya kazi vizuri kwenye Mojave bila kuflashi, na Apple waliitaja kwenye orodha ya kadi zinazofaa, ila skrini ya kuwakia hupati. Iuze, lakini mwambie mteja mapema. Na ukiinunua used ifungue kwenye programu ya GPU-Z, usome idadi ya shaders: yenyewe ina 2304. Ikisoma 2048 umepewa mdogo wake aliyevaa koti la kaka. Nyingine zimetoka kuchimba sarafu za mtandaoni na BIOS zake zimeshachezewa.

Umeme usipuuze. Mac Pro inatoa wati 75 kwenye sloti, na ubaoni kuna matundu mawili madogo ya pini sita, kila moja wati 75. Jumla 225 kwa kadi moja. 7950 yenye pini sita mbili inaingia. Kuna 7950 zenye pini nane na sita, hizo naziacha. Waya wake pia ni maalum, upande wa ubao una mdomo mdogo kuliko wa PC, na hapa mjini haupatikani kirahisi. Agiza waya kwanza, kadi baadaye.

Kazi yenyewe naifanyia kwenye PC ya kawaida, siyo kwenye Mac, na lazima iwe kwenye UPS. Kuandika ROM hakumalizi hata dakika moja, ila umeme ukikatika ndani ya dakika hiyo kadi inaweza isiamke tena. Mvua ikianza kunyesha mimi sigusi.

Unaanza kwa kuhifadhi ROM ya asili kwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe pia. Hapohapo soma memori ni ya Hynix au Elpida. Usichukue ROM nzima ya kadi ya mwenzako kwa sababu kwake ilikubali. Memori zikitofautiana unaweza kupata picha ya mistari au mashine ya kuganda. Njia salama ni kuchukua ROM ya kadi yako mwenyewe na kuiunganishia kipande cha EFI kutoka toleo la Mac. Chipu iwe na nafasi ya 128KB, na ATIFlash ukiandika atiflash -i itakuonyesha. Kisha unaandika kwa atiflash -p 0 na jina la faili. Kwenye baadhi ya kadi upande mmoja wa swichi umefungwa hauandikiki, ukigoma hamia wa pili.

Ikikataa kuamka, zima, rudisha swichi upande mzima, washa PC, halafu ikiwa inawaka sogeza swichi upande ulioharibika na uandike upya ROM ya asili. Ndiyo maana nasema lipia kiswichi.

Kabla ya kufunga kadi, puliza Mac nzima. Mashine iliyokaa studio za karibu na Mwaloni huwa imejaa vumbi na wale wadudu wa ziwani kwenye mapezi ya kupozea. Kisha shika Option, hakikisha diski zinaonekana, na jaribu kila tundu la picha, maana skrini ya kuwakia inaweza kutoka kwenye moja na isitoke kwenye jingine. Baada ya hapo naipa video ndefu iichakate saa mbili.

Bei yangu ya kuflashi ni elfu hamsini, mbali na kadi na waya. Kwenye risiti naandika aina ya kadi, upande wa swichi wenye ROM ya Mac, na tundu lililojaribiwa. ROM ya asili nampa mteja kwenye flashi, na nakala nyingine nabaki nayo dukani.