Hatari ya Saratani Katika Ukoo: Hesabuni Pande Zote Mbili

Handeni na Korogwe zina desturi zaidi ya moja ya kuhesabu ukoo. Kwa mila, Wazigua hufuata upande wa mama, Wasambaa upande wa baba. Hesabu hizo zinafaa kwa mirathi na matambiko, lakini kwa saratani hazitoshi. Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo shangazi aliyeugua saratani ya matiti ana uzito uleule wa mama mdogo aliyeugua. Mwanamume mwenye hitilafu katika jeni ya BRCA1 au BRCA2, ambayo huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, anaweza kuzeeka bila kuugua, ilhali kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hitilafu hiyo.

Kinachorithiwa ni hatari, si ugonjwa wenyewe. Ushahidi ulio wazi tunao hapa nchini: ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa mno kuliko cha Ulaya. Mara nyingi wazazi wote wawili wamebeba jeni ya ualbino bila dalili yoyote, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Mtoto huyo hazaliwi na saratani. Huzaliwa na ngozi yenye kinga haba dhidi ya jua, na ni jua la miaka na miaka shambani linaloiharibu hadi saratani ianze. Kofia pana, mikono mirefu, kulima alfajiri na jioni, na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, hupunguza sana hatari hiyo. Kidonda cha usoni, shingoni au mkononi kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe hospitali. Kukipaka dawa na kungoja ni kukipa muda.

Atatokea wa kusema: kwetu mama na binti wote waliugua saratani ya mlango wa kizazi, huo si urithi? Mara nyingi sivyo, na laana vilevile haihusiki. Saratani hiyo karibu yote hutokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Kwa ujumla, saratani zinazotokana na jeni ya kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Kwa hiyo wagonjwa wawili katika nyumba moja si lazima iwe urithi, na familia isiyowahi kuwa na mgonjwa nayo isijione imesalimika.

Hoja nzito zaidi ni hii: kipimo cha vinasaba ni ghali na katika hospitali za wilaya hakipo, basi kujua kunasaidia nini? Kunasaidia kwa sababu kuulizana hakuhitaji mashine. Nani aliugua, saratani ya wapi, akiwa na umri gani? Saratani ya matiti kabla ya miaka 50, matiti na ovari katika ukoo mmoja, au mwanamume aliyeugua saratani ya matiti, hizo ni dalili za kumpelekea daktari, iwe hospitali ya Magunga, Korogwe, au hospitali ya wilaya Handeni, ili uchunguzi uanze mapema kuliko kawaida. Wanawake wengi nchini hufika hospitali saratani ya matiti ikiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba ni ngumu na safari ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni ndefu. Wapo wanaohofia kwamba binti atakosa mchumba habari zikijulikana. Hofu hiyo ni ya kweli, ila haihitaji mkutano wa kijiji: wazazi, ndugu wa damu na daktari wanatosha, na maelezo yaandikwe kwenye daftari wangali hai bibi na shangazi wanaoyakumbuka.