USTAWI WA KIUCHUMI WA WAHINDI NA WANUBI NCHINI KENYA: ULINGANISHI

1. Utangulizi

Katika insha nyingi za wanafunzi kuhusu jamii za Kenya, tofauti za kiuchumi huelezwa kwa sentensi moja: jamii hii ni tajiri kwa kuwa ina bidii, na ile ni maskini kwa kuwa haina. Sentensi hiyo ni nyepesi kuandika, lakini haithibitishi chochote. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kulinganisha jamii mbili zilizoingia Kenya katika kipindi kimoja na kwa mkono wa utawala mmoja, yaani Wahindi na Wanubi. Swali ni hili: kwa nini jamii mbili zilizoanza safari karibu wakati mmoja zimefika mahali mbalimbali?

Mji wa Machakos, ambao Mumbuni ni kiunga chake, unafaa kuwa mwanzo wa mjadala huu. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo chake hapa mwaka 1889, na kwa muda wa miaka kumi Machakos ilikuwa makao makuu ya utawala katika sehemu za bara. Reli ya Uganda haikuupitia mji huu. Ilipita mbali, katika tambarare za Kapiti, na ilipofika Nairobi mwaka 1899 makao ya utawala nayo yakahamishiwa huko. Utawala huo ulihitaji askari wa kulinda vituo, mafundi wa kutandaza reli na wachuuzi wa kuleta bidhaa. Wanubi walikuwa askari. Wahindi walikuwa mafundi, vibarua na wachuuzi. Wote walikuja kuutumikia ukoloni kwa namna moja au nyingine, nao wote walikuwa wageni kwa wenyeji wa nchi.

2. Fasili ya Istilahi

Kabla ya kulinganisha, yafaa tuyapime maneno yetu. Neno mhamiaji limeundwa kutokana na kitenzi hamia, pamoja na kiambishi tamati -ji ambacho aghalabu huonyesha mazoea, kama katika msomaji au mwindaji. Kwa muundo wake, neno hilo humfaa mtu ambaye bado yumo katika tendo la kuhama. Je, lamfaa mjukuu wa mtu aliyefika Mombasa mwaka 1898? Neno mlowezi, litokanalo na kitenzi lowea, yaani kukaa mahali ugenini hadi kupafanya kwako, lingemfaa zaidi kisarufi, ila matumizi ya Kenya yamelifungia kwa wakulima wa Kizungu. Katika makala haya tutasema jamii zenye asili ya uhamiaji.

Neno Wahindi nalo linakusanya watu wengi: Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa, Waismailia, Mabohora, Masingasinga na wengineo. Wanubi vilevile walikuwa askari wa makabila mbalimbali ya Sudan, waliounganishwa na jeshi, dini ya Kiislamu na lugha ya Kinubi, ambayo ni krioli yenye msingi wa Kiarabu.

Ama ustawi wa kiuchumi, hatutaupima kwa mapato ya mwezi pekee. Tutaupima kwa vigezo vitatu: mali isiyohamishika, hususan ardhi, uwezo wa kupata mtaji na mikopo, na usalama wa kisheria, yaani stakabadhi zinazomwezesha mtu kufanya biashara, kuajiriwa na kurithi.

3. Kuingia Nchini

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba. Takriban 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 tu ndio waliobaki baada ya kazi kwisha. Wengine walirudi kwao. Takwimu hizi zina funzo. Wahindi wengi wa Kenya si wazao wa vibarua hao, kama inavyosemwa mara kwa mara. Wengi walitokana na wafanyabiashara, makarani na mafundi waliokuja kwa nauli zao, wakiitwa na ndugu waliotangulia. Mfano maarufu ni Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916. Maduka yake yalienea kutoka pwani, kando ya reli, hadi Uganda. Kijana aliyewasili kutoka Gujarati aliweza kuajiriwa katika duka la aina hiyo, akajifunza kazi, kisha akapewa bidhaa kwa mkopo aanzishe lake.

Wanubi waliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1891, Kapteni Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha katika eneo la Ziwa Albert, akawatia katika utumishi wa Kampuni. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, wakilalamikia mshahara mdogo uliocheleweshwa na safari zisizokwisha. Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza viliunganishwa kuwa King's African Rifles, na askari wa Kisudani walikuwa miongoni mwa waliokiunda kikosi hicho. Walipozeeka, hawakuwa na nchi ya kurudia. Serikali iliwaweka mahali kama Eldama Ravine, Kibos, Kibigori na, zaidi ya kote, katika msitu ulio kando ya Nairobi. Kwa Kinubi msitu ni kibra, ndilo asili ya jina Kibera.

4. Ardhi

Katika kigezo hiki jamii zote mbili zilibaguliwa, lakini kwa njia tofauti. Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika Nyanda za Juu za Wazungu, na msimamo huo ulithibitishwa tena katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923. Hata hivyo, waliruhusiwa kukodi na kununua viwanja vya biashara mijini. Kiwanja kile kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na hati. Chenye hati huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani.

Wanubi walipewa eneo kubwa lisilo na hati. Eneo la Kibera lilitengwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1904, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa na ukubwa wa ekari 4,197. Askari waliostaafu walipewa vibali vya kukaa na kulima. Serikali ilikataa kuligeuza eneo hilo kuwa hifadhi ya wenyeji, kwa hoja kwamba Wanubi si kabila la Kenya. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter kati ya mwaka 1932 na 1934, iliwahesabu kuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa. Baada ya uhuru, sehemu kubwa ya eneo hilo ilijengwa mitaa mipya, na wahamiaji kutoka pembe zote za Kenya wakaingia Kibera kutafuta makao nafuu. Mnubi aliyejenga vyumba vya kupangisha alipata kodi ya mwezi, naam, lakini hakuweza kuipeleka nyumba hiyo benki kama dhamana, kwani udongo uliokuwa chini yake haukuwa wake kisheria.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanubi walipewa jembe. Shamba lenyewe lilibaki la Serikali kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Mwezi Juni mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Hizo ni chini ya asilimia 7 ya ekari zilizotangazwa mwaka 1918.

5. Mtaji na Mikopo

Hapa Kiswahili chenyewe ni shahidi. Tazama maneno hundi, bima na laki. Yote yametufikia kutokana na lugha za Kihindi, na yote ni maneno ya fedha na hesabu. Hundi ilikuwa waraka uliomwezesha mfanyabiashara wa Mombasa kulipa deni la Bombay pasipo kusafirisha fedha taslimu. Isitoshe, rupia ya India ndiyo iliyokuwa sarafu ya nchi hii hadi mwaka 1920. Mfanyabiashara wa Kihindi aliingia katika soko ambalo sarafu na taratibu zake za mikopo alikwisha kuzizoea.

Baadaye jumuiya za Kihindi ziliunda asasi zao. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa mjini Mombasa mwaka 1937 na Waismailia, na katikati ya miaka ya 1940 jumuiya hiyohiyo ikaanzisha Diamond Trust. Msaada wa kijamii nao uliwekwa kwenye asasi. Hapa Ukambani, hekalu la Masingasinga lililojengwa Makindu mwaka 1926 hulisha wasafiri bila malipo na bila kuuliza dini zao.

Wanubi nao walisaidiana, lakini kilichozunguka katika mikono yao kilikuwa kidogo. Askari wengi walistaafu bila pensheni, vibali vya Kibera vikiwa ndiyo malipo ya utumishi wao. Mtu asiye na hati hakopeshwi, na jamii yenye kukopeshana akiba ndogo haianzishi benki. Tofauti hii haihitaji kuelezwa kwa tabia ya watu.

6. Uraia na Stakabadhi

Kigezo cha tatu ndicho chenye uzito mkubwa, na ndicho kinachosahauliwa mno. Baada ya uhuru, watu wenye asili ya Asia ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba uraia. Wengine waliomba, wengi hawakuomba. Mwaka 1967 sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zilipitishwa. Asiye raia alifungiwa maeneo mengi ya biashara, na bidhaa kadhaa akakatazwa kuziuza. Maelfu walikimbilia Uingereza, hasa kabla ya nchi hiyo kuwafungia mlango mwezi Machi mwaka 1968. Sensa ya mwaka 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini. Ile ya mwaka 1969 ilihesabu 139,037.

Hapa pana ushahidi ambao msomaji asiupite haraka. Wenye duka wawili wa mtaa mmoja, wenye dini moja, lugha moja na bidii moja, waliachana njia kwa sababu mmoja alikuwa na cheti cha uraia na mwenziwe alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Ikiwa utajiri hutokana na tabia ya jamii, mbona tabia ileile haikumwokoa wa pili?

Kwa Wanubi, shaka juu ya uraia haikuwa ya miaka miwili tu. Kijana wa Kinubi alipofikisha miaka 18 alitakiwa kufika mbele ya kamati ya kumsaili, akiwa na stakabadhi za wazazi na pengine za babu zake, ilhali jirani yake wa jamii nyingine alipewa kitambulisho bila hojaji hiyo. Pasipo kitambulisho nchini Kenya, mtu hawezi kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa rasmi, wala, tangu mwaka 2007, kujisajili kwa M-PESA kwa jina lake. Mwezi Machi mwaka 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Mwaka 2015, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi uliogusa uraia na ardhi pia. Kumbuka kwamba ni katika sensa ya mwaka 2009 ndipo Wanubi walipopewa nambari yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo waliwekwa katika fungu la wengineo. Wahindi nao walitangazwa kuwa jamii ya 44 ya Kenya mwezi Julai mwaka 2017. Hata hivyo, kutambuliwa huko kuliwakuta wakiwa na hati mikononi, ambapo Wanubi walikuwa wakizitafuta.

7. Tahadhari

Ulinganishi huu una mipaka yake. Wapo Wahindi maskini, mafundi na makarani wasiomiliki duka wala nyumba. Wapo Wanubi wenye nyumba nyingi za kupangisha, walioajiri na kusomesha. Aidha, Wahindi wengi waliingia na elimu ya hesabu na jamaa wa kuwapokea, ambapo Wanubi waliingia na bunduki isiyokuwa yao. Mwanzo haukuwa sawa, na si hati pekee iliyozitenga jamii hizi. Tunachodai ni kwamba hati ndiyo iliyoamua kama mwanzo ule ungeweza kurekebishwa. Mtu aliyeanza na kidogo chenye hati aliweza kukiongeza. Aliyeanza na ekari nyingi zisizo na hati alizitazama zikipungua.

8. Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili atauliza haya yamhusu nini, na jibu limo katika maneno anayoyatumia. Anapoandika kwamba jamii fulani ni wavivu au ni wanyonyaji, huwa amefunga uchunguzi kabla haujaanza, na huwa amempa afisa wa kesho msamiati wa kumnyima kijana kitambulisho. Tukitaka kujua kwa nini jirani ni tajiri au maskini, tuulize kwanza: ardhi yake ina hati? Nani humkopesha? Anayo karatasi isemayo yeye ni mwananchi? Maswali haya yanafaa Kibera, yanafaa katika mitaa ya biashara ya Machakos, na hapa Mumbuni, ambapo mirathi ya mashamba hugawanywa kila mwaka, yanatufaa sisi wenyewe.

Maswali ya Mjadala

1. Jadili ufaafu wa maneno mhamiaji, mlowezi, mgeni na mwenyeji katika kuzieleza jamii zilizokaa Kenya kwa zaidi ya karne moja.
2. Taja maneno mengine matano ya biashara ambayo Kiswahili kimeyakopa, ueleze yanafunua nini kuhusu historia ya mikopo na mtaji.
3. "Bidii bila hati ni kuchota maji kwa pakacha." Ijadili kauli hii ukirejelea jamii yoyote uijuayo.